Dobi Aliyeambiwa Akangoje

Geuzeni kile kibao cha mlangoni, wateja wasome kwamba tumefunga, kisha njooni mkae karibu, maana sauti yangu haifiki tena hadi kwenye meza ya kupokelea nguo. Mama yenu na abaki hapo hapo kichwani pangu, ameshapazoea. Wewe, kifunguamimba wangu, usisimame mlangoni kama mteja aliyepotelewa na suruali. Vuta kigoda ukae. Na wewe, kitindamimba, acha kwanza kukunja hayo mashuka, hayana miguu ya kukimbilia. Nataka mnikalie mmoja kulia na mmoja kushoto, kwa sababu leo sitazungumza na mmoja huku mwingine anasikilizia nyuma ya ukuta.

Sikilizeni, wanangu. Daktari wa damu amenirudisha nyumbani kwa sababu mapafu yangu yamejaa na dawa zimefika mwisho wa uwezo wake, na alinieleza mwenyewe, ameushika mkono wangu, kwamba lililobaki ni kunituliza nisipate maumivu. Hilo silililii. Mtu aliyeambiwa ana saratani ya damu akiwa na mvi za kuhesabika, akaishi mpaka unywele mweusi ukawa wa kutafutwa kwa miwani, huyo akilalamika atakuwa mkosefu wa shukrani. Ninalolililia ni jingine. Ninyi wawili mnafanya kazi ndani ya duka moja la dobi na kuongea kupitia kwa mama yenu. “Mama, mwambie kaka sabuni imekwisha.” “Mama, mwambie italetwa kesho.” Na huyo kaka na huyo dada wamesimama mbele ya beseni moja! Mama yenu amekuwa simu uzeeni.

Na siku mliponishusha garini nilikusikia, mwanangu wa kiume. Ulikuwa nje ya dirisha, ukidhani nimesinzia, ukamwambia mama yenu kwamba mdogo wako ndiye aliyeniua, kwa kuwa alinishauri kungoja wakati wa kutibiwa ulipokuwa mkononi. Nilikusikia, na yeye alikusikia pia, kwa sababu alikuwa humu ndani akinitandikia, na nilimwona akisimama na mto mikononi, hauweki wala hauachi. Hicho ndicho ninachokiogopa kuliko kaburi, niondoke nimwachie mtoto wangu kifo changu akibebe mgongoni kama ni yeye aliyekileta. Basi kabla pumzi haijaisha nitawaeleza ugonjwa huu ulivyonijia na ulivyokaa nami, na nani kati yenu alifanya nini, maana kila mmoja anajua nusu yake tu na nusu hiyo ndiyo anayopigania.

Mwanzo wake mnaujua, tumeucheka miaka. Ulianzia kwenye kola. Wewe, mwanangu, ulikuwa ndiyo kwanza umeleta mashine ya kufulia, ile kubwa yenye mlango wa kioo, na mimi sikutaka hata kuisalimia, nikiamini kwamba nguo isiyosuguliwa kwa mkono haijafuliwa, imenawishwa uso. Siku moja navaa shati langu la kutokea, kifungo cha juu hakifiki kwenye tundu lake. Nikavaa jingine, nalo vivyo hivyo. Mtu mwingine yeyote angejishika shingo. Mimi, dobi mtoto wa dobi, nikashika kola. Nikaipima kwa futi ya mafundi cherehani, nikakuita mbele ya wapiga pasi wote, nikakuambia mashine yako inakula vitambaa vya watu. Ukasema, “Baba, maji ni ya vuguvugu.” Nikasema, “Usinifundishe maji.” Tukanuniana. Mama yenu, ambaye hapendi kelele, akakaa na sindano akavisogeza vifungo vya mashati yangu yote hadi ukingoni, na baada ya muda akavisogeza tena, na mara ya tatu akaweka sindano chini akaniuliza, “Mzee, mashine gani hii inayobana kola na kuacha mikono?”

Ndipo wewe, kitindamimba, uliyekuwa ukinigeuzia kola nyuma, ukapitisha vidole shingoni pangu ukavikuta vile vivimbe, laini, visivyouma, vimejipanga chini ya taya kama maharage yaliyosahaulika mfukoni. Ukasema, “Baba, kola haijapungua. Shingo ndiyo imeongezeka.” Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimepekua nguo maisha yangu yote, mifuko, pindo na mishono, kumbe changu kilikuwa kimejificha ndani zaidi ya nguo.

Tulikwenda hospitali sote wanne, mnakumbuka, tumevaa kama tunaokwenda kuposa. Wakanitoa damu, wakaniambia nirudi, na tuliporudi tukakutana na yule mama mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, ndiye daktari wa damu mpaka leo. Akasema bila kuzunguka kwamba ni saratani ya damu, ile ya taratibu, inayoshika chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti, chembe ambazo kazi yake ni ulinzi wa mwili. Mimi nilisikia neno saratani, mengine yote yakanipita kama gari. Wewe, mwanangu, ukaruka kutoka kwenye kiti, “Basi mtibuni leo leo!” Naye akasubiri ukae, halafu akaniambia mimi, si wewe, “Mzee, nenda nyumbani. Kaendelee na kazi yako. Utakuwa unakuja tunakupima, na tutangoja.”

Nani amewahi kusikia habari kama hiyo? Mtu aje na jipu apasuliwe siku hiyo hiyo, na mwenye saratani aambiwe akangoje! Nilidhani ameniangalia viatu akaona sina changu. Na wewe ulidhani hivyo hivyo, nilikuona unavyotafuna midomo. Lakini mdogo wako akauliza swali ambalo sikulitegemea, akasema, “Daktari, tunaweza kuiona?” Daktari akamtazama, akainua miwani akaivaa, akasema njooni.

Hapo, wanangu, nataka mnisikilize vizuri, maana niliyoyaona mle ndani nimeyabeba mpaka leo na sijayachoka. Walitupeleka chumba chenye meza nyeupe na harufu ya spiriti, wakanikalisha mbele ya hadubini, ile mashine ya kukuza vitu visivyoonekana, na chini yake wameweka kipande cha kioo kilichopakwa tone la damu yangu, limekauka jembamba kuliko wanga kwenye shati. Nikainama. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Daktari akazungusha kitu pembeni, na ghafla, ee Mola wangu, ikafunguka! Duara na duara na duara, za rangi ya waridi, zimefifia katikati, zimemwagika kama vifungo vilivyoanguka kutoka kwenye kopo la mama yenu. Hizo, akasema, ndizo chembe nyekundu, ndizo zinazobeba pumzi yako. Na katikati yake, mahali panapotakiwa nyeupe chache, zilikuwa zimejaa tele, zimegeuka zambarau kwa rangi ya maabara, ndogo, za mviringo, zote sura moja, na baadhi yake zimesambaratika, zimebaki doa tu, kama kidole kimepita juu ya wino mbichi. Nikauliza, “Hizi nani amezikanyaga?” Daktari akacheka. Akasema hakuna aliyezikanyaga, mwilini mwangu ni nzima. Ni tepetepe tu, zinapasuka zinapopakwa kwenye kioo, na wao wakiona madoa mengi namna ile, akili yao hukimbilia ugonjwa huu.

Kisha akanieleza, na maneno yake nayakumbuka kwa sauti yake. Alisema kwamba kila ninapopepesa jicho uboho ulio ndani ya mifupa yangu unazalisha chembe za damu nyingi kuliko watu wa mji huu, na mwili unazizika nyingi kiasi hicho hicho, zilizochoka, bila kilio na bila mimi kujua. Chembe hizi zangu za zambarau ni zile zilizokataa zamu yake ya kufa. Hazina haraka, hazishambulii mtu. Zinakaa tu, na mwenzake anazaliwa naye anakaa, kama wageni wa harusi waliokwisha kula wakashiba, hawavunji kitu, hawatukani mtu, ila wamekalia viti vyote na wapishi hawana pa kupita. Na ulinzi waliotakiwa kuufanya hawaufanyi.

Nilikaa pale nimeinama, wakadhani nalia. Sikuwa nalia, nilikuwa nimeshangaa. Nilikuwa nimeutembeza mwili huu miaka yote, nimeuogesha, nimeuvalisha, nimeukasirikia ukiuma mgongo, na sikuwahi hata siku moja kujua kwamba ndani yake kuna umati wa namna ile unaozaliwa na kuzikwa bila kupumzika, ili mimi nipate kusimama nipige pasi suruali ya mtu. Damu nzito kuliko maji, tunasema, na tunasema tu. Mimi maji nayajua, ya chumvi, ya chokaa, ya moto, ya baridi. Siku ile ndiyo niliyoiona damu. Niliogopa pia, sitawadanganya, lakini mshangao ulikuwa mkubwa kuliko hofu, na umebaki hivyo mpaka sasa.

Tulipotoka nje ndipo mlipoanza vita vyenu. Daktari alikuwa ametueleza sababu ya kungoja, kwamba dawa za ugonjwa huu akipewa mapema mtu ambaye bado hajisikii mgonjwa hazimwongezei maisha, zinamwongezea madhara tu, na kwamba wapo wanaokaa miaka na miaka bila kuzihitaji na wengine hawazihitaji kabisa. Wewe, binti yangu, ulikuwa umeuliza tutajuaje kwamba wakati umefika, ukaambiwa: akikonda bila sababu, akitokwa jasho la kulowesha kitanda, homa zisizoeleweka, vivimbe vikikua kwa kasi, wengu ukivimba tumboni, damu ikipungua, uchovu usioondoka kwa kulala. Ukayashika yote kichwani. Ukasema, “Tungoje, baba. Haraka haraka haina baraka.” Kaka yako akajibu hapo hapo getini, “Ngoja ngoja huumiza matumbo.” Wewe ukasema subira yavuta heri, yeye akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlinzi wa geti akawa anageuza shingo huku na huku. Nimekuja kuamini kwamba waliotuachia methali hizi walikuwa kaka na dada wasiosemeshana, na baba yao alikuwa mgonjwa.

Na wewe, mwanangu, hukuishia kwenye methali. Ulimleta mnunuzi wa mashine yako. Ile mashine uliyoipigania, uliyokuwa ukiifuta kioo kila asubuhi kama uso wa mtoto, ulimleta mtu akaizunguka, akaipiga makofi mgongoni kama ananunua ng'ombe, ili upate cha kunipeleka kwa madaktari wa mbali. Nilimfukuza, nawe ukaona nimechagua upande wa mdogo wako. Sikukwambia siku ile na nakwambia leo: nilikwenda nyuma ya mashuka yaliyoanikwa nikakaa huko peke yangu kwa sababu sikujua mtoto wangu ananipenda kiasi hicho, na sikutaka wapiga pasi wanione.

Basi tukangoja. Watu wanadhani kungoja ni kulala. Kungoja ni kazi, wanangu, tena ngumu kuliko kukamua mablanketi. Ukipiga chafya unajiuliza ndiyo hii? Ukichoka jioni unajiuliza ni uzee au ni wale wageni? Watu wanakutazama wanasema, “Mbona mzima? Una saratani gani isiyokondesha?” kana kwamba unawadanganya. Nilijifunza kunawa mikono kabla ya kila chakula kama mtoto wa shule, nilijifunza kuchomwa chanjo nilizoelekezwa, na kumwambia mteja anayekohoa, bila kumvunjia heshima, aweke nguo mezani na arudi nyuma kidogo. Yule mwenye nyumba ya wageni ya kona alichukua mashuka yake yote akatuondokea, akisema hawezi kuwalaza watu kwenye mashuka yaliyoshikwa na mtu mwenye saratani, kana kwamba inaruka kutoka mkononi kwenda kwenye pamba. Haiambukizi, kila daktari atakwambia. Huwezi kuipata kwa kuguswa, kwa kula pamoja wala kwa kulala shuka moja, na kama ingekuwa inaambukizwa hivyo mama yenu asingekuwa hapa ananipepea. Lakini mtu yule alirudi baada ya muda, mashuka yake yamekuwa ya kijivu huko alikokwenda. Akija tena nikiwa sipo, msimsimange. Mfulieni, mnyoosheeni pindo. Ujinga wa maradhi ni maradhi pia, na yeye hakuwa na hadubini ya kuchungulia.

Lakini nitawaambieni kitu kingine cha huko kungoja. Baada ya ile hofu ya mwanzo, vitu vilianza kunijia karibu. Mvuke unaopanda kwenye shati lenye unyevu pasi inapogusa, nilikuwa nimeutazama maisha yangu yote na sikuwa nimeuona. Mkono wa mama yenu ukichambua nguo nyeupe na za rangi bila kutazama. Mashuka uani upepo ukiyajaza, na jua likipita ndani yake. Nilikuwa nasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyeibiwa akili, mpaka wapiga pasi wakawa wanaulizana kama ugonjwa umepanda kichwani. Hata mashine yako nilianza kuipenda, nikawa naikalia mbele ya kile kioo nikitazama nguo zinavyozunguka. Nilijiambia, hivi ndivyo ilivyo ndani yangu, kuna kazi inaendelea na sijaombwa msaada.

Mama watoto, nipe maji. Kidogo. Hapo, inatosha.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mmoja wenu halijui, na mwingine amelificha. Miaka ilipopita, nilianza kulowa usingizini. Shuka la chini chapachapa, la juu chapachapa, asubuhi mama yenu analivuta analitupa kwenye kapu letu, kando ya makapu ya wateja, kwa kuwa katika nyumba ya dobi shuka lililolowa ni habari gani? Hiyo ilikuwa shida yetu. Nyumba nyingine yoyote mke angepiga yowe. Yetu mashuka huingia machafu na kutoka makavu tangu tuoane, na yeye alidhani ni mvuke wa chumba cha pasi umeniingia mifupani, nami nilidhani hivyo hivyo. Na wewe, binti yangu, uliyekuwa umeshika zile dalili zote kichwani, ulikuwa umejifungua mtoto wako wa kwanza, uko kwa mume wako, hulali, hukumbuki hata umekula.

Aliyeligundua ni kaka yako. Yeye ndiye anayelisha mashine, na mkono wake unaujua uzito wa kila kapu kabla hajalifungua. Aliona kapu la mashuka ya wateja jepesi, na kapu la nyumbani kwetu linavuta bega, kila siku. Akanusa. Akamuuliza mama yenu, mama yenu akasema ni mvuke. Hakubishana naye. Alivua koti la kazi akaenda hospitali peke yake, yeye aliyekuwa amemwita daktari yule mwizi wa muda, akasimama mbele yake akasema, “Umetuambia tungoje jasho. Jasho limefika.” Na kesho yake mimi nikaitwa, nikaambiwa ni zamu yangu ya kupimwa, na damu ikakutwa imeshuka na wengu umevimba. Daktari ndiye aliyenieleza baadaye. Na alinieleza jingine, kwamba kaka yako alimwomba asikwambie wewe, binti yangu, kwa sababu una kichanga kifuani na utajiona umezembea. Umekaa miaka yote hii ukidhani ni daktari aliyeona, na kwamba kaka yako alijua kupiga kelele tu. Ndiyo, lia. Lakini lia huku unamtazama.

Na wewe, mwanangu, usitunishe kifua bado, nusu yako nawe hujaijua. Siku zile ulipoleta mnunuzi wa mashine, mdogo wako hakulala juu ya methali zake. Maneno yako yalimwingia. Alichukua majibu ya vipimo vyangu akasafiri nayo peke yake hadi hospitali nyingine, kwa daktari asiyetujua, akamwuliza, “Kaka yangu anasema tunakosea kungoja. Je, kama yeye ndiye mwenye haki?” Daktari yule naye akasema ngojeni. Ndipo akarudi akashikilia msimamo wake, na wewe ukauona ni ukaidi. Kwa nini hakukwambia? Alishajaribu, ukamwambia amwambie mama.

Na sikilizeni hili la mwisho juu ya kungoja. Vile vidonge nilivyoanzishiwa baada ya jasho lile, vilivyoyeyusha vivimbe shingoni mpaka mama yenu akarudisha vifungo vyote mahali pake huku akiimba, vidonge vile havikuwapo duniani siku ile ya hadubini. Daktari aliniambia kwamba wakati ule angenipa dawa kali za mishipani, tena bila faida, na huenda mwili wangu ungefika kwenye vidonge hivi umeshachakaa. Wakati mimi nakunja suruali, kuna watu mahali fulani, sijui majina yao wala rangi yao, walikuwa wameinama kwenye hadubini zao wanakitafuta kidonge changu. Nikilifikiria hilo nywele zinanisimama. Na damu niliyoongezewa ile wiki nilipoishiwa nguvu, mfuko mzima mwekundu ukinidondokea, ulitoka kwenye mkono wa mtu ambaye pengine nimewahi kumpigia pasi shati, pengine hata nilimgombeza kwa kuchelewa kulichukua. Alitembea ndani yangu, mtu yule. Kwa hiyo nawaagiza, ninyi ambao damu yenu ni nzima, nendeni mkatoe mnaporuhusiwa.

Basi jumlisheni wenyewe. Mmoja wenu alinizuia nisitibiwe kabla ya wakati, na mwingine alinizuia nisichelewe wakati ulipofika. Angekuwapo mmoja tu kati yenu, ningekwisha kufa zamani, ama kwa haraka ama kwa ngoja ngoja. Kinachonichukua leo hakuna mtoto wangu aliyekileta. Wale wageni walikalia viti vya walinzi muda mrefu, kinga ya mwili imechakaa, mimi ni mzee, na homa ya mapafu imekuta mlango hauna bawabu. Hakuna marefu yasiyo na ncha.

Sasa ya urithi, maana nachoka. Nyumba ni ya mama yenu mpaka naye atakapochoka kuikalia, na asiulizwe amempangisha nani wala amepaka rangi gani. Kazi ya dobi haigawanywi. Nasikia kuna aliyetaka kuhamisha mashine na aliyetaka kubaki na uwanja wa kamba. Mashine peke yake itatoa nguo mbichi, na kamba peke yake zitaanika upepo. Mtaifanya pamoja, na jina la mlangoni libaki lilivyo. Wapiga pasi msiwapunguze, hasa yule mzee wa kola, macho yake yamefifia lakini mkono wake bado unaona. Mkiona vivimbe mwilini mwenu msivifiche, mficha maradhi kifo humuumbua, ila msitishike pia; daktari alisema ndugu wa damu wana nafasi kubwa kidogo kuliko wengine, na walio wengi hawaupati kabisa. Mwambieni tu daktari wenu kwamba baba yenu alikuwa nao.

Na msibani. Hili ni lako, mwanangu wa kiume, simpi mwingine. Watakuja watu, watakaa hapo nje, na hatakosekana mmoja wa kutikisa kichwa aseme, “Wangemtibu mapema huyu mzee angepona.” Mdogo wako asijibu. Utasimama wewe, kwa mdomo wako huo huo uliosema dirishani, utamweleza kwa nini tulingoja, na utasema tulingoja sote. Umenisikia? Tikisa kichwa nione. Tena. Vema.

Pumzi... inakuwa fupi. Niinueni kidogo, mto umeteleza. Hapana, si mama yenu, mama yenu amechoka. Ninyi. Mmoja huku, mmoja huku. Pitisheni mikono nyuma ya mgongo wangu... chini zaidi... mshikane, la sivyo nitaanguka. Nimesema mshikane, si mguse tu. Hapo... hapo nasikia. Vidole hivi ni vya nani na vile ni vya nani sijui, na sitaki kujua.

Aliyeniumba na umati ule ndani yangu... akapanga kila kimoja zamu yake... awape ninyi afya ya damu, macho ya kushangaa, na moyo mwepesi wa kusameheana. Watoto wenu wawe na pa kukimbilia, kwa huyu na kwa huyu. Mama yenu... asibebe tena maneno ya mtu. Nimewaridhia wote wawili... sawasawa, kama nilivyowazaa.

Msiachie bado. Hata nikinyamaza... msiachie.